Alimpa Binti Mfalme Almasi ya Pinki, Yeye Akafa Bachela Mwadui

Ingia YouTube leo, tafuta filamu fupi za Kibongo za mapenzi, ndani ya nusu saa utakuwa umeshaikariri fomula. Kijana yuko geto peke yake. Feni inazunguka. Anatuma meseji, dada anaisoma na kukausha. Kijana anapekua picha za dada mpaka usiku wa manane, kesho yake anamvizia nje ya saluni, na ikifika dakika ya tisa mambo yanaharibika. Sizidharau hizi filamu, baadhi ni kali kweli. Kinachonikera ni kwamba zote zinatokea Sinza, Kimara au Kigamboni, utadhani huku kwetu hakuna mtu aliyewahi kukesha akiwaza kitu kimoja mpaka akapungua uzito.

Kwetu ni Shinyanga. Na stori ya upweke na kudata ambayo ningeipigia filamu kesho asubuhi kama ningekuwa na kamera iko hapa hapa mkoani. Ukitoka Nyamilangano, makao makuu ya Ushetu, ukapita Kahama, ukaingia Shinyanga mjini na kushika barabara ya Mwanza, utafika Maganzo. Pembeni ya Maganzo kuna uzio. Ndani ya uzio ndiyo Mwadui.

Wengi wenu Mwadui mnaijua kwa mpira: ile timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2015 na kushuka 2021. Wachache wanajua kwamba Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, alisoma Bugoyi shule ya msingi kisha akaingia Mwadui Sekondari kabla ya kuhamia Dar. Sasa pima mwenyewe. Mtu aliyekuja kuwa uso wa mapenzi kwenye filamu zetu, wa "Oprah", wa "Ndoa Yangu", yule ambaye Aprili 2012 alipofariki akiwa na miaka 28 tu nchi nzima ilisimama, alikaa darasani ndani ya mji uliojengwa na mmoja wa wanaume wapweke kuliko wote waliowahi kuishi Tanganyika. Na hakuna aliyeitengenezea stori hiyo filamu, hata ya dakika kumi.

Jamaa anaitwa John Williamson. Huku kwetu wazee wanamuita Dokta Williamson, na udokta wake haukuwa wa sindano. Alizaliwa mwaka 1907 kule Quebec, Kanada, akasoma Chuo Kikuu cha McGill mpaka akachukua shahada ya uzamivu ya jiolojia. Miaka ya 1930, wakati uchumi wa dunia umekaa vibaya, akapata kazi ya kutafuta madini Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kutoka hapo akahamia Tanganyika, kwenye kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, Misungwi, njia ya kwenda Mwanza.

Mabuki ulikuwa mgodi mdogo na almasi zake hazikumshibisha mtu. Wenye kampuni wakakata tamaa, wakataka kufunga virago. Mtu mwenye akili ya kawaida angechukua mshahara wake wa mwisho akapanda meli. Yeye akabaki.

Filamu yangu inaanzia hapo.

Huyu jamaa alikuwa ameingiwa na wazo kichwani na wazo halikutoka. Almasi zilikuwa zikiokotwa hapa na pale Usukumani, moja moja, kwenye mchanga. Mwanajiolojia anajua kwamba almasi haioti kama uyoga. Inapandishwa kutoka chini sana na mlipuko wa kale, ndani ya mwamba unaoitwa kimbalaiti, na mwamba huo ukifika juu unakaa kama mdomo wa chungu kilichozikwa. Kwa hiyo kama punje zimetawanyika, chungu kipo mahali. Yeye akaamini kipo, kikubwa, na kwamba ni suala la kutembea tu. Akatembea kweli. Miaka. Anachukua mchanga, anauosha, anatazama vijiwe vidogo vyeusi vizito ambavyo hutangulia almasi kama moshi unavyotangulia moto, anasogea hatua nyingine. Pesa zikaisha. Malaria ikampiga, ikampiga tena. Vita Kuu ya Pili ikaanza na hakuna mtu Ulaya aliyekuwa na muda wa mzungu mmoja anayechekecha mchanga Shinyanga.

Wangapi hapa mmewahi kudata hivyo? Namaanisha kule kudata ambako ushahidi wote unasema acha, marafiki wanasema acha, mfuko unasema acha, na wewe unaona dalili tu. Ame-like picha ya mwaka juzi, basi ananipenda. Kajiwe keusi kamebaki kwenye karai, basi almasi iko karibu. Ugonjwa ni uleule. Tofauti ni kwamba Williamson alikuwa sahihi, na nadhani hilo ndilo lililomharibu, kwa sababu mtu aliyedata akapatia hawezi tena kufundishwa na yeyote.

Wakati wa njaa hiyo alipata mtu mmoja aliyemwamini. Alikuwa mwanasheria Mhindi wa Mwanza, Iqbal Chand Chopra, aliyeingiza pesa yake mwenyewe kwenye wazo la mtu asiye na kitu. Mimi Chopra ndiye mhusika ninayempenda zaidi kwenye stori nzima. Kwenye kila stori ya mtu aliyedata kuna rafiki anayelipa nauli, na huyo huwa hapewi mistari mingi kwenye skripti.

Machi 1940 chungu kikapatikana. Mwadui. Ukubwa wake juu ya ardhi ni hekta 146, na kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa mwamba mkubwa kuliko yote ya aina hiyo duniani kuchimbwa kibiashara. Kwa wasiojua hekta: piga picha viwanja vya mpira, vile vya kimataifa, karibu mia mbili vimepangwa pamoja, na chini ya vyote kuna almasi. Jamaa wa miaka 33, aliyekuwa akikopa unga jana, kesho yake anazungumzwa London.

Na hapo ndipo upweke ulipoanza. Huo ni mtazamo wangu, na mtu anaweza kubisha. Watu hudhani alikuwa mpweke porini, alipokuwa na hema na malaria. Kule porini alikuwa na watu. Alitembea na vijana wa Kisukuma waliobeba vifaa na kuosha mchanga pamoja naye, majina yao hayamo kwenye habari yoyote unayoweza kuisoma leo, lakini walikuwepo, walikula chungu kimoja cha matumaini naye. Mtu anayetafuta ana wenzake. Mtu aliyepata anajenga uzio.

Na uzio aliujenga. Mwadui ikageuka mji kamili katikati ya mbuga: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, umeme wake wenyewe, uwanja wake wa ndege. Kwa miaka ile, kwa mahali pale, ni maajabu. Kwa upande wa pili ulikuwa mji ambao kila anayetoka anatazamwa mara mbili, maana almasi ni kitu kidogo na thamani yake inaingia chini ya ulimi. Ukiishi ndani ya mji ambao kila mtu, kuanzia mpishi hadi mhandisi, anaweza kuwa mwizi wako, utakunywa chai na nani kwa amani? Wanaosimulia maisha yake wanafanana kwenye jambo moja: kadiri utajiri ulivyokua, ndivyo mlango wake ulivyozidi kufungwa. Sigara zikawa nyingi. Glasi pia. Hakuoa.

Kwa Wasukuma waliomzunguka hilo lilikuwa fumbo zito kuliko almasi zenyewe. Huku mali ni ng'ombe, na kazi ya kwanza ya ng'ombe ni kuoa. Mwanaume mwenye zizi limejaa na hana mke wala mtoto wa kuchunga ni sawa na mtu aliyenunua sufuria akaitundika ukutani. Na wala hapakuwa na uhaba wa njia za kupata mke. Hii ni nchi ya chagulaga. Kwa mliokulia mjini: vijana wanamfuata binti njiani, labda katoka ngomani au gulioni, kundi zima, wanamwambia "chagulaga", yaani chagua, na yeye anatakiwa ataje mmoja kati yao.

Watu wanaipamba sana chagulaga siku hizi kwenye video za utamaduni, ngoma chinichini na shanga mbele ya kamera. Mimi naona tatizo lake ni dogo kulitaja na kubwa kuliishi: kwenye orodha ya majibu, "simtaki hata mmoja" haikuwemo. Binti amezungukwa, jua linazama, atachagua. Hilo nalo ni kudata, kudata kwa kundi, kulikopewa jina la desturi. Kwa hiyo nikisema filamu za upweke na mapenzi yaliyogeuka kichaa zina udongo hapa Usukumani, sisemi kwa kutia chumvi. Tumekuwa tukifukuzia watu tangu kabla ya simu.

Sasa tuje kwenye jiwe.

Oktoba 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya pinki, karati 54.5. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe zima halikufika gramu kumi na moja, uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari hivi. Almasi za pinki ni adimu mno, na za ukubwa ule wakati ule zilikuwa kama hazipo. Williamson angeweza kuliuza jiwe lile kwa bei yoyote aliyotaka. Hakuliuza. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Novemba 1947, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa anaolewa na Philip, na Williamson akatoa jiwe lile kuwa zawadi ya harusi.

Najua akili zenu zimeshakimbilia wapi. Bachela, miaka 40, tajiri kupindukia, anaishi peke yake porini, anachukua kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kukipata na kumpa bibi harusi wa mtu mwingine, msichana wa miaka 21. Ukimpa hiyo mwandishi yeyote wa filamu fupi hatauliza swali la pili. Muziki wa piano, picha ya binti mfalme ukutani, mwanaume anaiongelesha. Imeisha.

Nakataa. Hakuna kitu chochote kwenye rekodi kinachoonyesha kwamba Williamson alimpenda Elizabeth kwa namna hiyo, na ukiangalia alichokuwa anakabiliana nacho mwaka ule utaona zawadi inaeleweka bila piano. Soko la almasi duniani lilikuwa karibu lote mikononi mwa De Beers, kampuni ya kina Oppenheimer wa Afrika Kusini. Wao ndio walioamua almasi ngapi zitoke na kwa bei gani. Williamson alikuwa mtu mmoja, mgodi mkubwa, nje ya himaya yao, na walimtaka ndani. Alibishana nao kwa miaka. Kuna wakati aligoma kabisa kuwapa mzigo akawa anaurundika Mwadui. Mgodi wenyewe uko Tanganyika, nchi iliyokuwa chini ya Uingereza. Mtu aliye katikati ya ugomvi wa aina hiyo akimpa mrithi wa kiti cha ufalme jiwe la ajabu, jina lake linaandikwa na kila gazeti, na kuanzia siku hiyo si rahisi kumkanyaga. Pia alikuwa Mkanada wa kizazi kile, mfalme wa Uingereza ni mfalme wake. Uaminifu na biashara vinaweza kukaa mfuko mmoja.

Lakini sitaki kuikausha stori mpaka ibaki biashara tupu. Kuna kitu kwenye zawadi ile kinanisumbua, na kila mtu aliyewahi kumtumia muamala mtu ambaye hata namba yake hajaisevu atakielewa. Unapompa kitu kikubwa mtu asiyekujua, hakuna anachoweza kukurudishia zaidi ya asante. Hawezi kukukatisha tamaa, hawezi kukuomba zaidi, hawezi kuja kuishi nyumbani kwako na kuona ulivyo. Ni mapenzi yasiyo na hatari. Mtu mwenye zizi hilo hilo la utajiri angeweza kumpa jiwe mwanamke aliyeko Mwanza, Nairobi au Montreal, mwanamke ambaye kesho yake angetaka kujua kwa nini hajarudi kula. Hakufanya hivyo. Ndiyo maana sisemi alimpenda binti mfalme. Nasema alikipenda kile chungu cha Mwadui, yule ndiye mwanamke wa filamu hii, na alichompa Elizabeth kilikuwa kipande cha mchumba wake mwenyewe, kwa mtu aliye mbali kiasi cha kutoleta usumbufu.

Jiwe lilichongwa London mwaka 1948, likatoka likiwa karati 23.6. Zaidi ya nusu imekuwa vumbi na vipande; ndivyo almasi inavyopendeza. Mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikalitengenezea bruchi ya umbo la ua, jiwe la Mwadui likiwa moyo wa ua na petali za almasi nyeupe kulizunguka. Elizabeth, ambaye sasa alikuwa malkia, alilivaa maisha yake yote.

Kisha kuna Oktoba 1956, na nikiambiwa nichague tukio moja tu la kupiga, nachukua hili.

Mwaka ule mdogo wake malkia, Margaret, alifanya ziara ndefu Afrika Mashariki. Alifika Zanzibar, alifika Dar es Salaam, ambako hospitali ile tunayoiita Muhimbili ilipewa jina lake mwaka huohuo; wazee wa Dar wa umri fulani mpaka leo ukiwauliza watakwambia Princess Margaret. Na alifika Mwadui kutazama mgodi. Ziara ya kawaida ya kifalme: utepe, kofia, watu wamepangwa mstari, watoto wamefundishwa kupunga.

Ila angalia waliosimama pale. Margaret alikuwa na miaka 26. Mwaka mmoja tu nyuma, tarehe 31 Oktoba 1955, alikuwa ametangaza mbele ya dunia kwamba hataolewa na Peter Townsend, rubani wa vita aliyempenda kwa miaka. Townsend alikuwa amepewa talaka, kanisa halikutaka, serikali haikutaka, walishamhamishia Brussels ili wasionane. Binti akasalimu amri. Magazeti yote yakaandika moyo wake. Na sasa yuko Shinyanga, kwenye vumbi la Oktoba, anaonyeshwa mawe na mwanaume wa miaka 49 ambaye hajaoa, ambaye magazeti hayohayo yalikuwa yakimtaja kama bachela wa kupiganiwa.

Hapo tena mwandishi mvivu atawapa penzi. Mimi ningewapa dakika nne za watu wawili wanaozungumza kuhusu kimbalaiti. Mmoja amekatazwa kupenda mbele ya watu wote, mwingine hakukatazwa na mtu yeyote na bado yuko peke yake. Anamweleza jinsi mchanga unavyooshwa. Anauliza swali la adabu. Nyuma yao kuna mkalimani, polisi, wapiga picha, mke wa mkuu wa wilaya ana joto ndani ya glovu zake. Hakuna anayesema lolote la maana na msafara unaondoka. Mtazamaji anayejua kinachokuja atakaa vibaya kwenye kiti, kwa sababu Williamson alibakiwa na miezi kumi na tano tu ya kuishi.

Saratani ya koo. Januari 1958 akafariki, miaka 50. Hakuacha mke, hakuacha mtoto. Hisa zikaenda kwa ndugu, akiwemo kaka yake Percy aliyekuwa akifanya naye kazi, na kabla ya mwaka kuisha zilikuwa zimeuzwa: nusu kwa serikali ya Tanganyika, nusu kwa De Beers. Ndiyo, walewale aliobishana nao. Baadaye ukaja utaifishaji, De Beers wakarudi tena mwaka 1994, na 2009 wakaiuzia sehemu yao kampuni ya Petra Diamonds.

Nimesema uzio ndio mhusika mbaya wa filamu yangu, kwa hiyo lazima niseme uliendelea kufanya nini baada ya mwenyewe kufa. Nje ya uzio, Maganzo na vijiji vya jirani, kuna watu wanaoitwa wabeshi. Huingia usiku kuchekecha mchanga, wengine wamezaliwa wakiwaona baba zao wakifanya hivyo. Wengine wameumia na wengine wamekufa. Mwaka 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya unyanyasaji uliodaiwa kufanywa na walinzi wa mgodi. Ukimuuliza mbeshi kwa nini anarudi atakwambia ameona dalili. Kajiwe keusi kwenye karai. Dokta Williamson alikuwa mbeshi mwenye shahada na leseni, na sisemi hivyo kwa kumtukana yeyote kati yao.

Na huku Ushetu? Sisi ni watu wa tumbaku, mabani na Amcos. Lakini tumezungukwa: Bulyanhulu iko Kakola, pale Msalala, Buzwagi ilikuwa Kahama mpaka uzalishaji ulipokoma, ukienda mbele kidogo ni Geita. Msimu wa tumbaku ukienda vibaya, kijana anafunga begi anafuata duara. Ikitokea rashi mahali, ndani ya wiki panakuwa na maturubai, karasha, mama ntilie na baa ya mabati. Wanaume mia kadhaa, wengi chini ya miaka thelathini, hakuna anayemjua mama wa mwenzake. Usiku simu zinawaka ndani ya turubai kama vimulimuli. Mmoja anamwangalia status mwanamke aliyemuona mara mbili Kahama stendi. Anamtumia elfu tano ya vocha, anamtumia elfu ishirini ya nywele, dhahabu ikitoka anamtumia laki. Hamdai chochote kwa sauti. Siku akimuona kwenye picha na mtu mwingine, ndipo deni lote linapodaiwa kwa mkupuo, na hizo habari nyie mnazisoma, zinaandikwa "wivu wa mapenzi" kwa mistari sita, jina la mtaa, umri, polisi wanaendelea na uchunguzi.

Mistari sita haitoshi kwa yule dada. Wala haielezi jinsi mtu alivyofikia kuamini kwamba zawadi ni mkataba. Williamson, pamoja na yote, hakuwahi kumdai mtu. Alitoa jiwe lake akarudi kwenye uzio wake, na kilichokufa ni yeye. Ndiyo maana namtaka yeye kwenye filamu, mtu aliyedata ambaye hakumgusa mtu. Tumeshaona vya kutosha wale wanaomvizia dada nje ya saluni, mpaka tumeanza kuwaonea huruma wao kuliko dada.

Kwa hiyo kama uko Kahama au Shinyanga, una kamera na washikaji watatu, chukua, sidai asilimia. Ndani ya Mwadui hutaingia na kamera bila kibali, usihangaike. Piga Mabuki, piga mbuga za Kishapu kiangazi, mzungu mpate popote, mtu wa kumcheza Chopra mtafute Mwanza na mpe mistari. Vijana wa karai wapewe majina, hata ya kubuni. Sura ya binti mfalme usiionyeshe kabisa, yeyote kati ya wale wawili. Glovu tu, kofia, mgongo.

Picha ya mwisho iwe mwaka 1981, Julai, Maganzo, genge la mama anayeuza uji. Redio ya mbao inasoma habari za harusi ya Charles na Diana London. Siku ile mama wa bwana harusi alivaa lile ua kifuani, jiwe la Mwadui katikati, na karibu dunia nzima ililiona kwenye televisheni, isipokuwa Tanzania Bara ambako televisheni ilikuwa bado haijafika. Mama anakoroga uji. Mteja anauliza bei ya kikombe.